David Davis: Wakili wa mji mdogo aliyeihukumu serikali ya rafiki yake

Kwetu sisi jaji akiteuliwa, swali la kwanza ni anajuana na nani. Akitoa uamuzi, swali linalofuata ni ametumwa na nani. Wakenya tumezoea kuuliza hivyo, na hatuna haja ya kuona haya, maana hata mataifa yanayojisifu kwa mahakama zao huulizana yayo hayo.

Kwa kipimo hicho, mtu ninayemsimulia leo hakufaa kuaminiwa hata kidogo. Alikuwa rafiki wa rais, tena rafiki wa kulala nyumba moja ya wageni na kula sahani moja. Alimsimamia rais huyo kampeni mpaka akapata tiketi ya chama. Rais alipoingia ikulu, akampa kiti katika Mahakama ya Juu ya Marekani, kiti cha maisha yote. Jina lake ni David Davis na rais mwenyewe ni Abraham Lincoln.

Davis alizaliwa tarehe 9 Machi 1815 katika kaunti ya Cecil, jimbo la Maryland. Baba yake, daktari, alikuwa amefariki kabla mtoto hajazaliwa. Mama akaolewa tena, na mtoto akakua mara huku, mara kwa ami yake aliyekuwa kasisi, katikati ya ugomvi wa wakubwa juu ya mali aliyoachiwa na marehemu. Yatima mwenye mirathi, sisi wa Pwani twajua yanayomfika. Akiwa na miaka 13 alipelekwa chuo cha Kenyon, jimbo la Ohio, na kufuzu mwaka 1832. Kisha akaenda Lenox, Massachusetts, kusomea sheria kwa mtindo wa siku hizo, yaani kukaa katika ofisi ya wakili, kunakili hati na kusoma vitabu vyake. Alimalizia kwa muda mfupi katika shule ya sheria ya New Haven.

Mwaka 1835, kijana wa miaka 20, alielekea magharibi mpaka Illinois, ambako ardhi ilikuwa tele na mawakili wachache. Alianzia mji wa Pekin kando ya mto, akaugua homa vibaya, na mwaka uliofuata akahamia Bloomington. Pale palikuwa kijiji cha mbao na matope, watu mia kadhaa tu. Wakili mmoja, Jesse Fell, alikuwa ameamua kuacha sheria afanye biashara ya ardhi, na Davis akainunua kazi yake. Mwaka 1838 alirudi Lenox kumwoa Sarah Walker, binti wa jaji, akaja naye Bloomington. Walizaa watoto saba na wakazika watano. Waliobaki hadi utu uzima ni George na Sallie.

Kazi ya wakili wa mji kama ule haikuwa ya kutisha watu kwa Kilatini. Mwaka 1837 uchumi wa Marekani uliporomoka, na wafanyabiashara wa mashariki walitaka mtu wa kuwadai wateja wao waliokuwa Illinois. Davis akawa mdai madeni. Alijifunza thamani ya ardhi kwa kuwaona wengine wakiipoteza, naye akaanza kununua kidogo kidogo. Alipokuwa mzee alikuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa jimbo lile, na sehemu kubwa ya utajiri huo ilikuwa mashamba na viwanja. Nalitaja hili mapema kwa sababu jaji asiye na shida ya kodi ya nyumba si sawa na jaji anayesubiri mshahara wa mwisho wa mwezi, na yeyote anayemsifu Davis kwa kutonunulika akumbuke hilo.

Siasa nayo ilimwita. Mwaka 1840 aligombea useneti wa jimbo kwa chama cha Whig, akaanguka. Mwaka 1844 akashinda kiti cha bunge la wawakilishi la Illinois. Alitumikia kipindi kimoja, bila makubwa ya kuandika. Kilichodumu zaidi ni kazi aliyoifanya mwaka 1847, alipochaguliwa kuwa mjumbe wa kongamano la kuandika upya katiba ya jimbo. Zamani wabunge wa Illinois ndio waliokuwa wakichagua majaji. Davis alikuwa upande wa waliotaka majaji wapigiwe kura na wananchi, na upande huo ukashinda. Katiba ilipopita mwaka 1848, yeye mwenyewe akasimama kugombea ujaji na kuchaguliwa. Usicheke, msomaji. Walioandika katiba na kisha kugombea vyeo vilivyomo tunao hata sisi.

Ndipo ilipoanza ile miaka 14 iliyomfanya kuwa mtu anayekumbukwa. Alipewa Mzunguko wa Nane, eneo la kaunti 14 katikati ya Illinois. Mahakama haikukaa mahali pamoja. Kila majira ya kuchipua na kila majira ya vuli, jaji alifunga safari ya karibu miezi mitatu kutoka makao ya kaunti moja hadi nyingine, akisikiliza kesi siku mbili tatu hapa, wiki nzima pale, kisha anapakia na kuondoka. Mawakili walimfuata nyuma kama msafara. Barabara hazikuwapo, mito haikuwa na madaraja, na mvua ikinyesha magurudumu yalizama hadi katikati. Mshahara wa jaji wa mzunguko ulikuwa dola 1,000 kwa mwaka.

Davis alikuwa mtu wa mwili. Uzito wake ulipita kilo 130, hata akahitaji kigari cha farasi wawili. Nyumba za wageni za wakati ule ziliwalaza mawakili wawili wawili kitandani, na wengine sakafuni. Jaji alilala peke yake, wala hakuna aliyelalamika. Wiki ya korti ikifika, mji mdogo ulijaa kama Lamu siku za Maulidi. Wakulima walikuja kuuza farasi, kusikiliza kesi za jirani zao na kupata habari. Jioni, chumba cha jaji kiligeuka barazani. Davis alipenda hadithi, na mwenye hadithi kushinda wote katika msafara alikuwa yule wakili mrefu kutoka Springfield, Lincoln.

Mawakili wengine walikwenda kaunti mbili tatu kisha wakarudi makwao. Lincoln na Davis ndio waliokuwa wakizunguka mzunguko mzima, mwaka baada ya mwaka. Davis akipata udhuru, mara nyingine alimkalisha Lincoln kwenye kiti chake aendeshe kesi kwa niaba yake. Hata hivyo urafiki haukumpa Lincoln kesi. Mbele ya Davis alishindwa mara nyingi. Inasimuliwa pia kwamba mawakili walimfungulia Lincoln kesi ya mzaha usiku mmoja, Davis akiwa jaji, kwa kosa la kuwatoza wateja ada ndogo mno na hivyo kuwafukarisha mawakili wenzake. Akapatikana na hatia, akacheka, akalipa faini.

Sarah alibaki Bloomington na watoto. Mumewe alimwandikia barua nyingi sana akiwa njiani, na mtu akizisoma leo anamwona jaji mwenye sauti kubwa akiwa mume aliyechoka, anayeuliza habari za bustani na afya ya watoto. Haikuwa ndoa ya karibu kwa hesabu ya siku walizokaa pamoja. Kwa hesabu nyingine ilikuwa ya karibu sana.

Ikaja 1860. Chama kipya cha Republican kilikutana Chicago mwezi Mei, ndani ya jumba la mbao lililojengwa kwa ajili ya mkutano ule na kuitwa Wigwam. Aliyetarajiwa kupata tiketi ya urais alikuwa William Seward wa New York. Lincoln alikuwa na Davis. Jaji aliacha joho lake nyumbani, akakodi vyumba katika hoteli ya Tremont, akawapanga marafiki wa mzungukoni kama jemadari anavyopanga vikosi: huyu aende kwa wajumbe wa jimbo alilozaliwa, yule aketi na watu wa Indiana, mwingine Pennsylvania. Hakuomba kila mjumbe amchague Lincoln kwanza. Aliomba Lincoln awe chaguo lao la pili, wa kwanza wao akishindwa.

Lincoln mwenyewe alikuwa amebaki Springfield na kutuma maagizo kwamba asifungwe na ahadi yoyote. Davis aliyapokea maagizo, na mazungumzo yakaendelea. Tunachokijua kwa yakini ni matokeo: baadaye Simon Cameron wa Pennsylvania akawa waziri wa vita na Caleb Smith wa Indiana akawa waziri wa mambo ya ndani. Kura zilizohitajika zilikuwa 233. Duru ya kwanza Seward alipata 173 na nusu, Lincoln 102. Duru ya pili walikuwa wamekaribiana, 184 na nusu kwa 181. Duru ya tatu Lincoln akafika 231 na nusu, na kabla matokeo hayajatangazwa wajumbe wanne wa Ohio wakahamia kwake. Inasemwa Davis alilia kwa furaha.

Novemba Lincoln akashinda urais, na Februari 1861 Davis alikuwa ndani ya treni iliyompeleka Washington. Kila mtu Illinois alijua jaji anastahili kulipwa. Lincoln hakuwa na haraka. Mahakama ya Juu ilikuwa na viti vitatu vitupu, na viwili vya kwanza vilikwenda kwa watu wengine. Marafiki wa mzunguko wakaanza kuandika barua, na mmoja wao, Leonard Swett, alifunga safari hadi Washington kumkumbusha rais alikotoka. Oktoba 1862 Lincoln akamteua Davis, na Seneti ikamthibitisha Desemba mwaka huo.

Kwa hiyo aliingia kwa mlango uleule tunaoulaumu kila siku. Wala hakuwa mfuasi wa kila kitu alichofanya rafiki yake. Lincoln alipotoa tangazo la kuwaachilia huru watumwa, tarehe 1 Januari 1863, Davis alimshauri abadilishe sera hiyo. Aliogopa kwamba wazungu wa majimbo ya katikati wangeikimbia serikali. Mimi siwezi kulipamba hili. Mtu aliyekuwa na hofu kubwa juu ya haki za raia kushtakiwa ipasavyo hakuwa na uharaka wowote juu ya watu karibu milioni nne waliokuwa wakiuzwa na kununuliwa. Lincoln hakumsikiliza, na hilo ni la kushukuru.

Jambo jingine alilomwonya Lincoln ni mahakama za kijeshi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipopamba moto, serikali ilikamata maelfu ya raia na wengine ikawapeleka mbele ya maofisa wa jeshi, hata katika majimbo ya kaskazini ambako mapigano hayakufika. Davis aliona kwamba pale ambapo majaji wa kawaida wanaketi na milango ya korti iko wazi, jeshi halina mamlaka ya kumhukumu raia. Alimwambia hivyo rais ana kwa ana.

Tarehe 5 Oktoba 1864 wanajeshi walimkamata Lambdin Milligan, wakili wa mji mdogo wa Huntington, Indiana. Walimshtaki kuwa pamoja na wenzake wa chama cha siri walipanga kuwatoa gerezani wafungwa wa kivita wa kusini na kuwapa silaha. Milligan alikuwa mpinzani mkali wa vita na wa Lincoln, mtu ambaye Davis asingekubaliana naye juu ya chochote. Tume ya kijeshi iliketi Indianapolis, ikampata na hatia, ikaamuru anyongwe. Siku ikapangwa: 19 Mei 1865.

Kati ya hapo Lincoln akauawa. Alipigwa risasi usiku wa 14 Aprili na kufa asubuhi yake. Mwanawe mkubwa, Robert, alipeleka telegramu kwa Davis na kumwomba aje asimamie mambo ya familia. Lincoln, wakili wa miaka mingi, alikuwa hakuacha wasia. Davis akawa msimamizi wa mirathi. Alikusanya madeni, akawekeza dhamana, akaikuza mali, na mwaka 1867 akagawa zaidi ya dola 110,000 kwa mafungu matatu sawa: mjane, Robert na mdogo wao Tad. Sheria ilimruhusu kuchukua ada ya maelfu ya dola. Hakuchukua hata senti.

Sasa fikiria mwezi Mei 1865. Rafiki yake bado hajamaliza mwezi kaburini. Nchi inalia na inataka damu. Davis, ambaye kama jaji wa Mahakama ya Juu alikuwa pia na zamu ya kusikiliza kesi Indiana, anaketi Indianapolis pamoja na jaji wa wilaya, David McDonald, na mbele yao liko ombi la Milligan: aachiliwe, kwa kuwa waliomhukumu hawakuwa mahakama. Majaji hao wawili waliwasilisha rasmi kwamba hawakubaliani, na hiyo ndiyo ilikuwa njia ya kuifikisha kesi Mahakama ya Juu. Kisha wakamwandikia rais mpya, Andrew Johnson, kumsihi asimamishe kitanzi, maana mtu akishanyongwa rufaa yake haina maana. Johnson akaahirisha, halafu akabadilisha adhabu kuwa kifungo cha maisha.

Kesi ilijadiliwa Machi 1866. Mmoja wa mawakili wa Milligan alikuwa mbunge wa Ohio, James Garfield, ambaye hajawahi kusimamia kesi mahakamani kabla ya siku ile. Lishike jina lake, tutarudi kwake. Tarehe 3 Aprili mahakama ikatangaza kwamba Milligan aachiliwe, na sababu zikasomwa 17 Desemba. Majaji wote tisa walikubaliana kuhusu kumwachilia. Walipogawanyika ni kuhusu sababu. Wanne, wakiongozwa na Jaji Mkuu Salmon Chase, walisema makosa yalikuwa ya utaratibu tu, na kwamba bunge likitaka linaweza kuidhinisha mahakama kama zile. Watano, kwa kalamu ya Davis, walikataa. Walisema katiba haiendi likizo vita vikianza. Walisema kusimamisha kwa muda haki ya mfungwa kuletwa mbele ya jaji huruhusu serikali kumzuia mtu, lakini hakuiruhusu kumhukumu kwa njia nyingine. Raia asiye mwanajeshi, katika jimbo ambalo korti zake ziko wazi, anahukumiwa na korti na wananchi wenzake walioapishwa. Si rais wala bunge linaloweza kuliondoa hilo.

Lincoln alikuwa ameteua majaji watano kati ya wale tisa. Wawili kati yao walisimama na Chase, ambaye naye aliteuliwa na Lincoln. Davis, aliyekuwa na deni kubwa kuliko wote, ndiye aliyeandika upande wa pili.

Kelele zilizofuata hazikuwa ndogo. Magazeti ya chama chake mwenyewe yalimtukana na kuufananisha uamuzi ule na ule wa Dred Scott wa mwaka 1857, ambao ulikuwa umesema mtu mweusi hawezi kuwa raia. Na hapa ndipo mimi nisipoweza kumshangilia Davis moja kwa moja. Mwaka 1866 watu weusi waliotoka utumwani walikuwa wakiuawa Memphis na New Orleans, na korti za kawaida za kusini zilikuwa mikononi mwa mabwana wa jana. Jeshi na mahakama zake zilikuwa mara nyingi ngao pekee waliyokuwa nayo. Rais Johnson aliyekuwa akiwapendelea wazungu wa kusini aliutumia uamuzi wa Davis kuzibana mahakama hizo. Davis alinung'unika kwamba hakuandika neno juu ya kusini, kwamba alizungumzia Indiana, ambako hapakuwa na vita. Ni kweli hakuandika. Lakini hukumu ni kama mshale, ukishauachilia haukuulizi uende wapi. Bunge, kwa bahati, halikutishika: Machi 1867 lilipitisha sheria iliyogawa kusini katika wilaya tano za kijeshi.

Pamoja na hayo, hoja yenyewe haijazeeka. Tarehe 31 Januari 2025 Mahakama ya Juu ya Uganda iliamua kwamba raia wasihukumiwe na mahakama za kijeshi. Kabla mwaka huo haujafika kati, bunge la huko likapitisha sheria ya kuzirudisha. Kizza Besigye, aliyetekwa Nairobi Novemba 2024 na kufikishwa mbele ya jeshi la Uganda, ni jina tunalolijua sote.

Milligan naye aliwashtaki waliomkamata na kumhukumu. Wakili wa wale maofisa alikuwa Benjamin Harrison, aliyekuja kuwa rais. Mwaka 1871 Milligan akashinda na kulipwa fidia: dola tano.

Davis hakuwahi kuupenda sana ujaji wa Washington. Alipenda watu, na pale juu kulikuwa na vitabu na wazee wenzake. Siasa iliendelea kumwasha. Mwaka 1872 chama kidogo cha wafanyakazi kilimpa tiketi ya urais akiwa bado jaji, naye akaikubali kwa matumaini kwamba waasi wa Republican nao watamchukua. Walimchukua Horace Greeley badala yake, na Davis akajitoa. Greeley akafa kabla wajumbe wa uchaguzi hawajapiga kura, na mmoja wao akampigia Davis. Kura moja. Jaji anayetamani ikulu huku akisikiliza kesi ni jambo ambalo lingetutia wasiwasi hata leo, na watu wa wakati wake nao waliliona.

Kisha kikaja kisa cha 1877, ambacho kwangu ni kizito kuliko Milligan.

Uchaguzi wa Novemba 1876 uliishia katika mzozo. Samuel Tilden wa Democrat alikuwa na kura 184 za wajumbe, Rutherford Hayes wa Republican 165, na kura 20 zilikuwa na ubishi: za Florida, Louisiana na South Carolina, na moja ya Oregon. Mshindi alihitaji 185. Miezi ikapita bila rais kujulikana, na watu wakaanza kutaja vita tena. Bunge likaunda tume ya watu 15: maseneta watano, wawakilishi watano, majaji watano. Majaji wanne walitajwa, wawili wa kila upande, nao wamchague wa tano. Hesabu ikatoka saba kwa saba, na mtu mmoja katikati. Kila mtu alijua ni nani. Mahakama nzima ilikuwa na jaji mmoja tu ambaye pande zote mbili ziliamini hana chama, naye alikuwa Davis.

Tarehe 25 Januari 1877, muswada wa tume ukiwa unakamilishwa, bunge la jimbo la Illinois lilimaliza duru kadhaa za kura kwa kumchagua David Davis kuwa seneta. Kura zilitoka kwa Democrat na wanachama wa vyama vidogo, na aliyeondolewa ni Jenerali John Logan wa Republican. Ikiwa walidhani wamemfunga Davis kwa Tilden kwa zawadi ile, walikosea vibaya. Davis alisema hawezi kuketi katika tume, sasa akiwa seneta mteule kwa kura za chama kimojawapo. Nafasi ikaenda kwa Joseph Bradley, aliyeteuliwa na rais wa Republican kama walivyokuwa majaji wengine waliobaki.

Kila swali lenye uzito, tume ikapiga kura nane kwa saba. Tarehe 2 Machi Hayes akatangazwa mshindi, 185 kwa 184. Ili Democrat wa kusini watulie, maelewano yalifanywa kando, na mwezi Aprili Hayes akawaondoa wanajeshi waliokuwa wakizilinda serikali za mwisho za Republican huko South Carolina na Louisiana. Watu weusi wa kusini waliachwa na waliokuwa mabwana zao, na kura zao zikafutwa hatua kwa hatua. Haki hiyo hawakuirudisha kwa ukamilifu hadi 1965.

Je, Davis alikimbia? Wapo waliosema alifurahi kupata udhuru. Wapo waliosema aliona kwamba vyovyote atakavyoamua, nusu ya nchi itamwita mwizi. Mimi naona kujitoa kwake kulikuwa sahihi kisheria: huwezi kupokea kiti kutoka mkono mmoja na kuamua ugomvi wa mkono huohuo. Lakini ujaji wenyewe hakuuacha siku ile. Aliendelea kuketi Mahakama ya Juu hadi mwanzoni mwa Machi, alipokwenda kuapishwa Seneti. Angeweza kuukataa useneti. Hakuna aliyemlazimisha. Kiti kilichokuwa kikingojwa na taifa zima alikiacha wazi kwa sababu alitaka kingine, na nadhani yule Davis wa Indianapolis wa mwaka 1865 angesita zaidi.

Ndani ya Seneti hakujiunga na chama chochote. Seneti ilipogawanyika karibu sawa, watu walimbembeleza kutoka kila upande. Sarah alifariki mwaka 1879. Mwaka 1880 James Garfield, yule wakili wa Milligan, akachaguliwa kuwa rais. Alipigwa risasi Julai 1881 na kufariki Septemba. Makamu wake, Chester Arthur, akawa rais, na nafasi ya makamu ikabaki tupu. Oktoba Seneti ikamchagua Davis kuwa spika wake wa muda, kwa kuwa ndiye pekee ambaye hakuna upande uliomwogopa. Kwa hiyo kwa mwaka mmoja na miezi kadhaa, kama Arthur angefariki, wakili wa Bloomington ndiye angeshika madaraka ya urais.

Hakugombea tena. Machi 1883 aliondoka Washington, na mwezi huohuo akamwoa Adeline Burr wa North Carolina. Akarudi Bloomington kwenye nyumba aliyomjengea Sarah, Clover Lawn, ya vyumba 36, iliyokamilika mwaka 1872. Alifia hapo tarehe 26 Juni 1886 akiwa na miaka 71, na kuzikwa katika makaburi ya Evergreen, mjini kwake. Nyumba bado ipo, na siku hizi ni makumbusho.